Nimepangiwa kazi Rukwa na moyo uko kwenye utumishi, nitajuaje Mungu anataka niende wapi? Naombeni ushauri

Kijana wa Bahi

Bwana asifiwe wapendwa, ndugu zangu Waislamu assalaam aleykum, na wakubwa wote shikamooni. Naombeni mnivumilie nitaandika ndefu kidogo maana hili jambo linaninyima usingizi.

Nina miaka 27, nimemaliza ualimu hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Kiswahili na Historia. Toka nimalize najitolea kwenye shule moja ya binafsi kwa hela ya nauli tu, nimepanga chumba Ng'ong'ona. Kila nafasi zikitoka Ajira Portal (mtandao wa ajira za serikali) naomba, naitwa usaili, nasubiri, kimya. Sasa safari hii majina yametoka na langu limo, nimepangiwa shule ya sekondari kwenye halmashauri moja ya mkoa wa Rukwa. Mama yangu yuko Bahi analima mpunga, baba alishafariki, nilipompigia alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Shida yangu ni hii. Tangu niko kidato cha nne nina mzigo wa utumishi. Naongoza vijana kanisani kwetu (Anglikana), nahubiri nikipewa nafasi, na nikifanya hayo najisikia ndipo nilipo mimi mwenyewe. Mchungaji wetu mwaka jana aliniambia nijiandae kuomba chuo cha Msalato nikasome thiolojia, fomu ninayo iko kwenye begi. Nikienda Rukwa naona kama namkimbia Mungu kwa sababu ya mshahara, nikibaki naona kama namtelekeza mama na wadogo zangu wawili ambao wanasoma. Na siku za kuripoti zinakwisha.

Nimeomba sana. Nikamwambia Mungu kama unataka niende, basi mvua inyeshe kabla ya ibada ya Jumapili, na kweli Ijumaa usiku ikapiga kubwa mpaka korongo likajaa. Nikalala na furaha, asubuhi nikaamka na wasiwasi uleule. Nikafungua Biblia nimefumba macho, kidole kikaangukia kwenye orodha ya majina ya koo, sikupata neno. Rafiki yangu akanipeleka kwa mtumishi mmoja hapa mjini, akasema anaona njia yangu imefungwa, nilete kwanza mbegu, yaani sadaka, ya laki na nusu ndipo aniambie Mungu anasema nini. Hiyo hela sina na sijatoa.

Swali langu, nyie wenzangu mlipofika njia panda mlijuaje kwamba hapa ni Mungu na hapa ni mawazo yangu tu? Naomba mnijibu kwa uzito.

---

Mama Ipagala

Marahaba mwanangu, hongera kwa kupata kazi, usiisahau hongera hata kama umechanganyikiwa.

Nianze na hiyo laki na nusu. Usitoe. Wala usikope, wala usimwambie mama auze mpunga. Naamani alipoponywa ukoma alimbembeleza Elisha apokee zawadi, Elisha akakataa kabisa, na Gehazi aliyemkimbilia nyuma kwenda kuzichukua aliondoka na ukoma wa Naamani (2 Wafalme 5). Neno la Mungu haliko dukani. Tena soma Yeremia 42, watu walimwendea nabii wakamwambia tuombee tujue twende Misri au tubaki, na Yeremia, nabii kweli kweli huyo, alikaa siku kumi ndipo neno likamjia. Siku kumi! Hakuwaambia leteni kitu nifungue. Na ukiendelea sura ya 43 utaona jibu lilipokuja wakalikataa kwa sababu walishaamua kwenda Misri kabla ya kuuliza. Kwa hiyo kabla hujauliza tena jiulize hivi, Mungu akikujibu kinyume na unavyotaka utatii? Kama hapo hujafika basi hapo ndipo pa kuanzia kuomba, siyo kwenye Rukwa wala Msalato.

Sasa hilo la mvua. Mwanangu, mwezi wa kwanza huu, Dodoma, unamwomba Mungu mvua inyeshe ndani ya wiki? Huu si ndio msimu wenyewe! Sisemi Mungu hatumii mvua, ila hiyo haikuwa ishara, ulichagua kitu ambacho kingetokea hata usingeomba, na nadhani moyo wako unalijua hilo ndio maana asubuhi wasiwasi ulirudi. Watu wanamtaja sana Gideoni na ngozi ya kondoo lakini wasome Waamuzi 6 kuanzia juu. Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi cha kufanya, enenda ukawaokoe Israeli, ngozi iliwekwa baadaye kwa sababu ya hofu, na mwenyewe mara ya pili anaomba Mungu asimkasirikie. Mungu alimvumilia kwa huruma. Kuvumiliwa siyo sawa na kufundishwa kwamba hivi ndivyo mfanye.

Tena kuna kuomba kwa kuberega, wakulima wenzangu wa huku mnanielewa, unakwangua juu juu unapanda halafu unashangaa mizizi haishiki. Unamwomba Mungu akuambie Rukwa au Dodoma, hapo juu, lakini hujamwambia unaogopa nini. Mwambie unaogopa umaskini. Mwambie unaogopa kuonekana umeasi. Mwambie unataka watu wakuite mchungaji, kama ndivyo. Kaa hapo mpaka ardhi itifuke.

---

Lugalo

mkuu kazi serikalini siku hizi unaijua inavyopatikana?? nenda karipoti maombi utaendelea nayo hukohuko

---

Mtumwa wa Kristo

Mimi nitasema tofauti na wengi na naomba usinichukie. Yona alipokimbia alishuka Yafa akakuta merikebu iko tayari inakwenda Tarshishi, na nauli alikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi kabisa lakini haukuwa wa Mungu. Kwa hiyo ajira kutoka haimaanishi Mungu kasema nenda. Umekaa na huo mzigo miaka kumi na kitu, mchungaji wako ameuona, vijana unaowaongoza wameuona, na siku jina linatoka kwenye pdf ndio unaanza kuutilia shaka? Wavu ulikuwa unalisha familia za wakina Petro nao wakauacha. Nina uchungu na hili kwa sababu nawajua vijana wengi wenye moto walioenda makazini na moto ukazimika kimyakimya, mikopo, kiwanja, gari, na habari ikaishia hapo. Sikuambii usiende, nakuambia uwe mwangalifu usimpe Mungu mabaki.

---

Mama Ipagala

@Mtumwa wa Kristo ni kweli kabisa mlango wazi peke yake si jibu, na mlango mgumu nao si jibu. Paulo alizuiwa na Roho asihubiri Asia, akajaribu Bithinia akazuiwa tena, ndipo akaona maono ya mtu wa Makedonia. Wakavuka. Wakafika Filipi wakapigwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale (Matendo 16). Mtu wa siku hizi angesema aah tulikosea njia turudi. Ila angalia na kitu kingine hapo, maono aliyaona Paulo mmoja lakini mstari wa 10 unasema "tuliona hakika", walikaa wakapima pamoja. Huyu kijana anapima peke yake chumbani Ng'ong'ona usiku, hilo ndilo linanisumbua mimi.

Na huyohuyo Paulo alikuwa fundi wa mahema, Korintho alifanya kazi kwa mikono yake kwa Akila na Prisila. Hakuna aliyesema alimpa Mungu mabaki.

---

Mrangi wa Kondoa

Waaleykum salaam mdogo wangu. Nimesoma nikaona nami nichangie, japo mimi ni Muislamu naona tatizo lako hata sisi tunalo, na hata hayo mambo ya kutafuta alama na ndoto yapo kwetu.

Sisi tuna swala ya istikhara, yaani ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri. Katika hadithi ya Jabir bin Abdillah iliyopo kwa Bukhari, anasema Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Unaswali rakaa mbili zisizo za faradhi halafu unaomba dua, na maana ya dua yenyewe kwa kifupi ni kwamba ewe Mola mimi sijui na Wewe unajua, kama jambo hili lina kheri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa jambo langu basi nikadirie na unirahisishie na unibarikie, na kama lina shari liepushe na mimi na mimi uniepushe nalo, na unikadirie kheri popote ilipo kisha uniridhishe nayo. Hapo unalitaja jambo lako.

Sasa watu wengi mtaani wanafikiri ukishaswali unalala unasubiri ndoto, ukiona kijani twende ukiona nyeusi tusiende. Hadithi haijasema hivyo. Haijataja ndoto kabisa. Unaomba, unashauriana na wenye elimu na wanaokutakia mema, unaazimia, unakwenda. Allah anasema katika sura ya Aal Imran aya ya 159 washauri katika mambo, na ukishaazimia mtegemee Mwenyezi Mungu. Huo ndio mpangilio wake, kwanza shauri, halafu azimio, halafu tawakkul, huko kumtegemea Yeye. Mimi nilipotaka kuacha duka la jumla la familia nikasome, niliswali na sikuona ndoto yoyote, nikazungumza na marehemu babu, na shekhe wa msikiti wetu, na mjomba ambaye ndiye alikuwa anaujua mtaji wetu, na kila hatua niliyopiga haikuniletea karaha mbele ya Mola wangu. Nikaenda.

Kile kipande cha mwisho cha dua mimi ndio nakipenda kuliko vyote, uniridhishe nayo. Maana unaweza kupelekwa kwenye kheri na ukaichukia kila siku.

---

Kijana wa Bahi

Nashukuru sana jamani, nasoma kila neno. Mama Ipagala hilo la kuogopa umaskini limenichoma maana ni kweli, nimeona mama anavyohangaika na sitaki. @Mtumwa wa Kristo sijakuchukia hata kidogo, ulichoandika ndicho nachojiambia kila usiku. @Mrangi wa Kondoa ahsante kaka, naomba nikuulize, kama baada ya kuomba na kushauriana bado njia zote mbili zinaonekana ni nzuri unafanyaje?

---

Binti Miyuji

Tumsifu Yesu Kristo. Naingilia swali la mwisho, Mrangi atanisamehe.

Kwetu Wakatoliki yupo Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, hawahawa wenye shule ya St. Peter Claver hapa Dodoma. Alikuwa askari, mwaka 1521 akavunjwa mguu na mzinga kule Pamplona, akalala kitandani muda mrefu anasoma maisha ya Kristo na ya watakatifu kwa kuwa vitabu alivyovipenda vya mashujaa havikuwepo. Akaanza kugundua kitu. Akiwaza ushujaa na sifa za dunia anafurahi wakati anawaza, baadaye anabaki mkavu. Akiwaza kumfuata Kristo kama wale watakatifu anafurahi, na furaha inabaki hata mawazo yakishapita. Kutoka hapo akajifunza kupambanua, yaani kuangalia wazo linakuacha vipi likishaondoka, maana wakati linakuja mawazo mengi ni matamu.

Jaribu hivi. Siku mbili tatu ishi kama vile umeshaamua kwenda Rukwa, amka nalo, sali nalo, pika nalo, uone moyo unatulia au unakauka. Halafu siku nyingine ishi kama umeshaamua Msalato. Inyasi alishauri pia umfikirie mtu usiyemjua kabisa ambaye unamtakia mema yote, anakuja kwako na swali hilihili, ungemwambia afanye nini? Na ujiwazie uko kitandani pa kufa, ungependa uwe umechagua nini. Na kuna kanuni yake moja ambayo mimi imenisaidia sana, wakati wa ukiwa, yaani unapojisikia giza na Mungu yuko mbali, usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na amani. Kwa hiyo usiamue saa nane usiku, saa nane usiku hakuna anayemsikia Mungu vizuri, mwili umechoka. Lala.

Na kuhusu njia mbili nzuri, mimi naamini mara nyingine Mungu anamwachia mtoto wake achague. Paulo anamwambia mjane yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, ila iwe katika Bwana tu (1 Wakorintho 7:39). Amtakaye! Hakumwambia asubiri ndoto ya jina la mume. Kuna mambo Mungu ameshasema wazi na hayahitaji maombi ya siku saba, usiibe, usizini, mheshimu mama yako, lipa deni. Kwenye mengine amekupa akili na marafiki na uhuru, na atakwenda na wewe.

---

Mzee wa Kongwa

Mbukwenyi. Vijana wa leo hamuulizi wenyeji. Hapa kwetu Kongwa mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, mpango mkubwa ajabu, wakati huo nilikuwa sijazaliwa ila baba alikuwepo na alifanya kibarua. Walipanga yote wakiwa mbali. Ardhi ya huku ikikauka inakuwa kama saruji na mvua haina ahadi, Mgogo yeyote angewaambia, hawakuuliza kwa dhati, na mwaka 1951 wakaacha. Reli na barabara zilijengwa, pesa nyingi sana ilipotea. Mithali 15:22 iko wazi, pasipo mashauri makusudi hubatilika.

Kwa hiyo wewe mjukuu wangu, uchungaji unautaka, umeshakaa na mchungaji mzee ukamuuliza uchungaji ukoje wiki ya kawaida? Mazishi, migogoro ya ndoa, wazee wa kanisa wenye maneno, baiskeli imeharibika na mtaa wa mwisho uko mbali. Na ualimu wa Rukwa umemuuliza mwalimu wa Rukwa? Umemuuliza mama? Siyo kumwambia, kumuuliza. Mungu anaposema nasi mara nyingi anapitia midomo ya watu tunaowaona kila siku ndio maana tunaikosa sauti yake tukimtafuta kwa watu wageni.

Na mwito wa uchungaji katika kanisa letu hauishii kwako wewe. Kanisa nalo lazima liuone, mtaa, wazee, mpaka kwa Askofu. Kama ni wa kweli hautakufa kwa sababu umefundisha watoto Kiswahili miaka miwili mitatu.

---

Ticha Sumbawanga

Habari mdogo wangu, mimi mwalimu nipo huku Rukwa, mzaliwa wa Mpwapwa, nimeona uzi nikaona nisipite kimya.

Nikueleze hali ilivyo ili ukiomba uombe unakijua unachokiombea. Huku ni kuzuri, baridi ipo hasa mwezi wa sita na wa saba beba sweta, mahindi na maharage ni bei rahisi ukilinganisha na huko, watu wa Ufipa ni wakarimu. Mshahara ukianza kumbuka Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 kama ulisomeshwa na wao, kwa hiyo usimwahidi mama kiasi kikubwa kabla hujaona karatasi ya mshahara. Mwaka wa kwanza uko kwenye majaribio mpaka uthibitishwe. Ukiacha kazi katikati kurudi serikalini siyo mchezo, hilo nalo liweke kwenye mizani.

Upande wa utumishi, jamani nani kasema huku hakuna kazi ya Mungu? Shuleni kuna watoto mia kadhaa, UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo) ipo, wanatafuta mlezi kila mwaka na walimu wanakimbia. Nimekaa na watoto waliofiwa, wenye mimba, waliotaka kuacha shule, na sijawahi kuvaa kola ya uchungaji. Sikusemei wewe, labda wewe kola ndiyo yako. Ila usiende na mawazo kwamba darasani ni Tarshishi.

---

Mtumwa wa Kristo

Hapo kwa Ticha nimeguswa. Nabaki na wasiwasi wangu kuhusu moto kuzimika ila nakubali kwamba siyo mahali panapouzima. Kijana nitakuombea, na ukienda tafuta watu wawili watatu wa kusali nao mapema kabla hujanunua hata kitanda.

---

Mrangi wa Kondoa

Binti Miyuji amejibu vizuri, sina cha kusamehe. Niongeze moja tu, ukishaazimia acha kulifukua kila siku. Kulifukua ndiko kunakochosha.

---

Kijana wa Bahi

Wapendwa narudi kutoa mrejesho maana mlinibeba.

Nilifanya kama mzee wa Kongwa alivyosema, Jumamosi nilipanda gari nikaenda Bahi nikamuuliza mama, nikamwambia mama sitaki uniambie ninachotaka kusikia. Alikaa kimya muda, akasema yeye amelima huo mpunga tangu kabla sijazaliwa na ataendelea hata nisipotuma kitu, anachoogopa ni mimi nije nimwambie siku moja kwamba niliacha utumishi kwa sababu yake. Sikutegemea hilo kabisa, siku zote nilidhani ananisukuma kwenye mshahara kumbe ni mimi nilikuwa namuweka mama mbele ya woga wangu mwenyewe.

Halafu nikaenda kwa mchungaji. Nikamweleza yote, hadi la mvua. Tukasali, akaniuliza ni nini hasa ninachokipenda kwenye utumishi, nikajikuta naongelea vijana, vijana, vijana, sikutaja madhabahu hata mara moja. Akasema fomu ya Msalato haiozi na mwito wangu yeye bado anauona, ila angefurahi kanisa linitume Rukwa kama linavyomtuma mtu, siyo nitoroke. Jumapili ijayo wananiombea mbele ya kanisa. Nimeamua naenda, na nimepanga na mchungaji tutalikalia tena hili la thiolojia nikishathibitishwa kazini. Sikuota kitu, sikusikia sauti. Ila nimelala usiku kucha.

Yule mtumishi wa mbegu amenitumia meseji mbili, sijajibu.

@Ticha Sumbawanga naomba uniambie, kuripoti natakiwa kubeba nini, na basi zuri ni la kupitia Mbeya au Tabora?

---

Ticha Sumbawanga

Ubarikiwe mdogo wangu, nimefurahi mno. Beba vyeti vyote halisi, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, cha kuzaliwa, na namba ya NIDA, na kopi za kila kimoja zikiwa zimegongwa muhuri wa mwanasheria. Pita Iringa, Mbeya, Tunduma ndio lami tupu na magari ni mengi. Usifike Ijumaa jioni maana ofisi za halmashauri utazikuta zimefungwa, fika Jumapili ulale, Jumatatu asubuhi uwe mlangoni. Ukifika stendi nitumie ujumbe humuhumu nije kukupokea.

---

Mama Ipagala

Nenda salama mwanangu. Na hiyo sweta usiidharau.